Sura ya Saba: Friji Kumi na Moja

Chumba cha baridi cha Mzee wa Barafu kilikuwa na kila kitu isipokuwa kile walichokifuata. Kulikuwa na chanjo za kuku, matone ya macho, na kwenye rafu ya chini kabisa keki ya harusi ya binti yake, imefunikwa kitambaa. Inspekta, aliyejikunyata ndani ya koti la kuazima, alipitisha macho kwenye rafu mara ya tatu kwa sababu mara mbili za kwanza hakutaka kuamini. Insulini haikuwapo. Saa yake ilionyesha saa nne kasoro robo asubuhi.

"Umeridhika, afande?" aliuliza Mzee wa Barafu kutoka mlangoni. Ndiye aliyekuwa wakala pekee wa dawa hiyo mjini. Jina hilo alipewa na washindani wake kwa kumsema vibaya, naye akalipenda.

"Kamati ya bei inakaa leo saa tisa," Inspekta alisema. "Ikisimamisha amri ya bei mpya ya insulini, unarudi kuuza kwa bei yako ya zamani. Nani mwingine hapa mjini anaombea hivyo?"

"Naomba kutwa mara tano. Kuomba si kosa. Kuficha ndiyo kosa, na mimi kesi siziwezi. Presha inanipanda hata nikimwona wakili wangu mwenyewe." Akamsogezea faili. "Soma hizo. Zahanati kumi na moja zimepokea mzigo, zimegonga muhuri. Mimi nimegawa wote. Waulizeni wanaokaa madirishani."

Inspekta alisoma mihuri mmoja mmoja. Ilikuwa halali, na hilo lilimkera. Wiki tatu zilizopita serikali ilipanga bei ya juu kabisa ya insulini, tofauti italipwa na hazina. Wagonjwa wa kisukari walifurahi. Kisha dawa ikatoweka madirishani kana kwamba imesikia habari. Amri yenyewe ilikuwa na kifungu kimoja kibaya: dawa ikikosekana siku kumi mfululizo, kamati inaweza kuisimamisha. Leo ilikuwa siku ya kumi.

Garini simu ilimwahi kabla hajafunga mkanda. Alikuwa Mkubwa wake.

"Umempata?"

"Ghala lake ni safi."

"Safi vipi? Sikia, saa tisa nasimama mbele ya kamati. Nataka jina la mtu mwenye pingu mkononi. Vinginevyo watasema bei ndiyo imefukuza dawa, na amri inakufa mbele yangu."

Simu ikakatwa. Koplo, aliyebakiza miezi minne kustaafu na akiba ya maneno ya miaka arobaini, aliwasha gari. "Huyo anataka kuku wa kuchinja," alisema. "Yeyote mwenye manyoya."

Walianza na zahanati iliyopokea mzigo mkubwa kuliko zote. Kwenye dirisha la dawa alisimama mwanamke mwenye chupa ya chai kwapani. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya wasusi. Upande wa pili wa kioo alikaa mtunza dawa, mama wa miaka hamsini na kitu, koti jeupe limenyooka mpaka linatisha. Mji mzima ulimwita Bi Kipimo, na nusu ya watunza dawa wa mji huo walikuwa wanafunzi wake.

"Kadi yako si ya hapa, mama," Bi Kipimo alikuwa akisema.

"Tulihama mwezi jana, nyumba iliuzwa. Nikienda kule wanasema sasa mimi ni wa huku. Huku mnasema ni wa kule."

"Hata ungekuwa wa hapa, dawa hakuna. Hata ng'ambo ya reli nasikia hakuna. Lakini jaribu."

Inspekta alimvuta msusi pembeni akamwonyesha kitambulisho. Mwanamke alishtuka kwanza, halafu akaona afadhali amepata mtu wa kumwambia. Binti yake alikuwa na miaka kumi na mmoja. Chupa ya chai ilikuwa na barafu tu, ya kubebea dawa ikipatikana.

"Mara ya mwisho amechomwa lini?"

"Jana asubuhi. Tangu jana mchana anakunywa maji tu, afande. Anakunywa, anakojoa, anakunywa." Alihamishia chupa kwapa la pili. "Zamani kwa ile bei nilikuwa nampunja. Nusu sindano asubuhi, nusu jioni. Hajui. Anadhani ndiyo dozi. Bei ilipotangazwa nikasema alhamdulillahi, mwanangu atachomwa sindano nzima. Sasa hata ile nusu sina."

"Mpeleke hospitali kubwa."

"Nimetoka huko. Wamempa dripu ya maji usiku, asubuhi wakatutoa, wakaniambia insulini nao hawana, nikanunue." Aliikumbatia chupa yake. "Naenda ng'ambo ya reli. Nitakaa hapohapo dirishani. Sina pengine pa kwenda."

Alitoka akitembea haraka. Inspekta alimtazama mpaka alipopinda kona. Mtoto aliyekwisha kumaliza siku nzima bila sindano hana siku nyingine ya kusubiri wakubwa wapige kura.

"Nifungulie friji," alimwambia Bi Kipimo.

"Wakaguzi wa wizara walifungua jana."

"Leo ni zamu yangu."

Friji ilikuwa tupu, imefutwa, inanukia sabuni. Hapakuwa na boksi wala chupa ya maji, ila kipima joto kimoja kilichoning'inia kwenye rafu ya kati. Nje, mlangoni, palifungwa karatasi yenye safu mbili, na kalamu ikining'inia pembeni kwa uzi.

"Hii unajaza lini?"

"Saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Sijaruka hata siku moja ya kazi kwa miaka ishirini na mbili." Kwa mara ya kwanza sauti ya Bi Kipimo ilichangamka. "Kuanzia nyuzi mbili mpaka nane. Chini ya mbili insulini inaganda, juu ya nane inaharibika. Hilo ndilo somo la kwanza ninalomfundisha mtu."

"Na friji ikiwa tupu?"

"Tupu au imejaa, friji inapimwa. Dawa ikirudi isikute nyumba imebomoka."

"Na iliisha lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita. Nimeandika barua."

Inspekta alishusha kidole kwenye karatasi. Ijumaa, nne na tano. Jumamosi, nne na nne. Jumatatu asubuhi, nne. Jumatatu alasiri, sita. Kidole kikasimama. Jumatatu wiki hii umeme ulikatika mji mzima kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja. Kituoni walikuwa wakijipepea kwa mafaili ya kesi.

"Mzee," alimwita Koplo bila kugeuka. "Jumatatu umeme ulipokatika, juisi anazouza mama watoto zilinusurika?"

"Nusu kwa nusu, afande. Ana friji mbili. Ile iliyojaa pomoni, mpaka jioni chupa zilikuwa bado zinatoka jasho. Ile nyingine ilibaki na jagi moja tu. Saa nane nilikunywa hilo jagi, nikaomba na mkate, maana ilikuwa chai. Friji tupu bila umeme ni kabati."

"Bi Kipimo, umesikia?"

Mtunza dawa aliuweka sawa uzi wa ile kalamu.

"Saa tisa umeme ulikuwa umekatika kwa saa tatu. Friji yako, unayosema ilikuwa tupu kwa siku sita, ilipanda nyuzi mbili tu. Kulikuwa na kitu ndani, tena kingi, chenye ubaridi wake. Na jambo lingine. Una wagonjwa wako wa kisukari zaidi ya thelathini. Siku kumi hawajapata dawa, na sijasikia hata mmoja akipiga kelele. Aliyepiga kelele ni yule mgeni tu."

Uso wa Bi Kipimo ulibaki vilevile, ila mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa friji.

"Labda uliandika tu, kwa mazoea," Inspekta alisema. "Au kipimo chako kilikosea siku hiyo."

Alikuwa amemfungulia mlango mkubwa wa kutokea. Mtu mwingine yeyote angepita mbio: kipimo kibovu, kalamu ilichanganya, nilikuwa na haraka. Bi Kipimo alitazama karatasi yake, akakitazama kipimo.

"Kipimo changu hakikosei," alisema. "Na mimi siandiki nisichokiona."

Akatangulia kuelekea chumba cha chai cha wafanyakazi.

Friji ya huko ilikuwa fupi, imebandikwa picha za watoto. Mbele kulikuwa na maziwa na chakula cha mtu kwenye bakuli. Nyuma ya maziwa, kuanzia juu hadi chini, yalipangwa maboksi meupe, na katikati kikining'inia kipima joto. Koplo aliinama, akakuta mlangoni karatasi ya safu mbili imejazwa tangu juzi Jumanne, siku moja kabla ya wakaguzi.

"Hata maziwa ya chai mnayapima joto?"

"Saba," Bi Kipimo alisema akisoma. "Imepanda. Wanafungua fungua mno." Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki. "Arobaini na moja. Sijauza hata moja kwa magendo. Wangu wanapitia mlango wa nyuma, wanalipa bei ya serikali."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimewahi kuiona hii. Miaka sita iliyopita waliposhusha bei ya dawa ya presha, wenye magari walikuja toka miji mingine. Wiki moja rafu nyeupe. Nilikuwa na mgonjwa wangu mzee, mwalimu mstaafu, kila mwezi tarehe tatu yupo dirishani anautania mwandiko wangu. Tarehe tatu alikuja nikamwambia hakuna. Tarehe kumi na tisa nilikuwa msibani kwake." Alijifuta macho kwa mkono wa koti, kitu ambacho bila shaka aliwakataza wanafunzi wake. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Niliapa sitazika mwingine wa kwangu."

"Na yule wa asubuhi?"

"Hakuwa wangu."

Alisema neno hilo kisha akalisikia mwenyewe. Koplo alikohoa, akageuka kusoma karatasi upya. Saa sita kasoro kumi.

Inspekta alikuwa na mkosaji wake. Pingu zilikuwa kiunoni, na Mkubwa angefurahi. Lakini hesabu haikukaa sawa: maboksi arobaini na moja hayawezi kukausha mji mzima. Yalibaki mamia, na Mzee wa Barafu hakuwa nayo.

"Karatasi za joto, unazipeleka wapi?"

"Hazipelekwi. Kila alasiri tunazipiga picha, tunatuma kwenye kundi letu la simu. Watunza dawa wote kumi na mmoja. Mimi ndiye ninayekagua."

"Nionyeshe Jumatatu."

Bi Kipimo alivaa miwani, akatafuta. Zahanati ya kwanza, sita. Ya mlimani, saba. Ya kituo cha mabasi, tano. Aliendelea kuzipitisha kwa kidole, na kidole kikaanza kwenda polepole. Sita. Sita. Saba. Ya sokoni peke yake ilikuwa kumi na saba, na chini yake Bi Kipimo mwenyewe alikuwa ameandika siku ile: *Funga mlango vizuri, mwanangu.*

"Wote waliandika barua kuwa wameishiwa?" aliuliza Inspekta.

"Wote. Jumanne na Jumatano ya wiki iliyopita." Alivua miwani. "Nilizisoma hizi Jumatatu jioni. Nilitazama tu kama zipo kati ya mbili na nane. Nikawaandikia hongera." Aliikunja miwani. "Mimi nilijua niko peke yangu. Nilidhani wenzangu hawana kweli. Nilikuwa nawaonea huruma!"

"Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake," Koplo alisema, bila utani safari hii.

Sasa jambo lote lilikuwa mezani. Hakukuwa na genge wala ghala la siri. Kulikuwa na watu kumi waangalifu, kila mmoja akiogopa dawa itakwisha, kila mmoja akifungia ya wagonjwa wake, na kwa woga huo wameimaliza. Saa tisa kamati ingetazama madirisha matupu, ingeua amri, na bei ya zamani ingerudi kwa wote, wa kwao na wasio wa kwao.

"Wapigie," Inspekta alisema.

"Niwaambie polisi mnajua?"

"Ukiwatisha watazimwaga chooni kabla hatujafika. Wapigie kama mwalimu wao."

Bi Kipimo alimpigia mtunza dawa wa mlimani, akaweka sauti wazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una insulini?"

"Mama jamani, si nilikuandikia? Hata moja."

Bi Kipimo alifumba macho. "Mimi ninazo arobaini na moja. Nimeficha nyuma ya maziwa."

Simuni ulisikika mlango ukifungwa.

"…Thelathini na mbili," sauti ikasema. "Ziko kwenye friji ya maabara. Mama, nisamehe. Nilidhani niko peke yangu."

"Na mimi. Ziweke mbele, piga picha, tuma kwenye kundi. Muuzie yeyote mwenye cheti cha daktari, mmoja mmoja, awe wa kwako asiwe wa kwako."

Wakaendelea hivyo. Mmoja alilia. Mmoja alibisha dakika kumi na tano, akasema Bi Kipimo anatumiwa na wenye maduka ya dawa, mpaka alipotumiwa picha ya maboksi nyuma ya maziwa. Mwingine alikuwa kwenye semina, simu ikapokewa na mumewe ambaye hakujua lolote, ikabidi atafutwe mhudumu mwenye funguo. Chakula cha mchana hakikuliwa. Saa nane na dakika hamsini picha tisa zilikuwa kwenye kundi, na Inspekta akazituma kwa Mkubwa.

Mkubwa alipiga papo hapo, sauti chini, yuko koridoni. "Hizi zimetoka wapi? Nani alificha?"

"Wote. Kila mmoja kidogo."

"Hilo nitalisemaje mbele ya watu? Nipe jina."

"Majina utayapata jioni, ukiyataka bado. Sasa hivi waonyeshe picha. Ya sokoni imeishiwa kweli, mwenzao atawagawia leo."

Akapiga tena baada ya dakika kumi na mbili. "Mwenyekiti anasema zahanati ni kumi na moja, anaona tisa. Nimemwambia ya sokoni imeishiwa kweli, mwenzao atawagawia leo. Bado moja. Ametoa dakika ishirini. Likibaki dirisha limefungwa, wanapiga kura."

Iliyobaki ilikuwa ng'ambo ya reli. Bi Kipimo alikuwa amepiga mara sita. Simu iliita mpaka ikachoka. Mtunza dawa wa huko alikuwa ameziona picha za wenzake zikiingia. Alama za kusoma kwenye kundi zilionyesha hivyo; alikuwa ameogopa. Koplo alishaanza kutafuta funguo za gari, ingawa kwa foleni ya saa hizo wasingefika.

"Mwandikie," Inspekta alisema.

Bi Kipimo aliandika kwa kidole kimoja, pole pole, kwa herufi kamili: *Mwanangu, sikugombi. Pokea.* Akapiga mara ya saba.

"Mama." Ilikuwa sauti ya msichana, karibu kunong'ona.

"Ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Piga picha. Sasa hivi, kabla hatujasema neno jingine."

Picha iliingia. Inspekta aliituma, akabaki anatazama kioo cha simu. Dakika moja, mbili, nne. Kisha maneno matatu ya Mkubwa: *Amri imebaki. Majina.* Koplo alipiga meza kwa kiganja, bakuli la mtu likaruka.

Bi Kipimo hakucheka. Alikuwa bado na msichana kwenye simu.

"Kuna mtu dirishani kwako?"

"Yuko mmoja. Msusi, ana chupa ya chai. Tangu saa tano."

"Umemwambia nini?"

"Hakuna. Nimemwambia hakuna, mara nne." Alianza kulia. "Mama, nitamwambiaje? Atanitazama. Amekaa hapo anatazama kila ninachofanya. Nitaanzia wapi?"

"Anzia kwa kufungua kioo," Inspekta alisema, akisogeza mdomo kwenye simu. "Mtoto hajachomwa tangu jana."

Simu haikukatwa. Walisikia kiti kikisukumwa, hatua, mlango wa friji, kisha kioo cha dirisha kikiburuzwa. Sauti ya msichana ilisema kitu kifupi ambacho hakikusikika. Halafu ikasikika ya msusi, karibu kabisa, imepasuka kwa furaha.

"Imepatikana? Oo, dada yangu! Mungu akulipe. Nilikuona tangu asubuhi unavyohangaika humo ndani, huku na huku, hata kula hukula. Nikasema moyoni, yule dada ananitafutia mimi."

Kwenye simu ulisikika mfuniko wa chupa ya chai ukifunguliwa.